Kutu na magari makuukuu ya fowili Mtwara na Lindi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nakaa Shangani, Mtwara mjini. Huku kusi ikianza kuvuma, asubuhi unafuta kioo cha gari kwa kidole na kidole kinarudi kina ladha ya chumvi. Sina gereji. Nimemiliki magari manne ya zamani, moja likanitia hasara nitakayoisimulia hapo chini, na tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa kulala chini ya magari ya watu na tochi mdomoni. Wengi hunipigia wakiwa tayari wamesimama na dalali, hela mkononi, wanataka neno moja tu: ninunue au nisinunue? Maswali yao ni yaleyale, nimeona niyaweke hapa yote.

Gari linang'aa kama jipya. Nianze kulikagua wapi?

Chini. Rangi iache kwanza, haikimbii. Nenda asubuhi na kipande cha boksi cha kulalia, tochi, bisibisi bapa ya zamani na nyundo ndogo. Omba ruhusa kabla ya kugonga. Muuzaji akikukataza kugusa chasisi, ile fremu ya chuma inayobeba gari zima, ameshakujibu swali lako la kwanza.

Lala nyuma ya gari. Chasisi ya magari haya hupinda kwenda juu ili ipishe ekseli ya nyuma, na pale kwenye mpindo, upande wa juu ambao jicho halifiki, ndipo matope na mchanga hutulia miaka na miaka. Pitisha vidole huko juu. Mkono ukirudi na vipande vyembamba kama maganda ya kitunguu, ujue chuma kimeanza kubanduka tabaka kwa tabaka. Sasa chukua nyundo, gonga taratibu kutoka nyuma kuelekea mbele, huku umenyamaza. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinajibu kwa sauti butu, kama unagonga ubao uliolowa. Ukiisikia hiyo sauti weka ncha ya bisibisi hapohapo usukume kwa nguvu za mkono tu, usipige. Haitakiwi kuingia. Nimewahi kuona inaingia mpaka kwenye mpini, kama mtu anayejaribu mhogo kama umeiva.

Angalia pia mahali vishikio vya springi vinapoungana na chasisi, mahali bodi inapokaa juu ya chasisi kwa mpira na bolti, na boriti ya nyuma kabisa inayobeba ndoano ya kuvutia. Kisha nenda ndani. Nyanyua zulia miguuni mwa dereva na abiria, sukuma sakafu kwa gumba. Zulia lililolowa wakati mvua haijanyesha wiki nzima lina habari ndefu ya mpira wa kioo cha mbele. Bolti za viti na za mikanda nazo zitazame, maana zikiwa nyekundu juu, chini yake ni pabaya zaidi.

Juu ya bodi tumia sumaku. Mimi ninayo ya spika mbovu ya redio, nimeifunga kitambaa isikwaruze rangi. Ipitishe pole pole kwenye matao ya magurudumu, chini ya milango na kuzunguka kioo. Ikilegea ghafla, hapo pamejazwa puti, ule ujiuji unaokauka wa kuzibia mashimo ya bodi. Ila ukiipitisha kwenye Land Rover ya zamani usishangae ikikataa karibu gari zima. Bodi ile ni alumini, na habari zake zina swali lake.

Chini kumepakwa lami mpya nyeusi tii. Si ndiyo linavyotunzwa hivyo?

Hapa ndipo hasara yangu ilipotokea. Nilinunua pikapu Dar es Salaam, chini nyeusi, safi, inanukia. Nikasema huyu bwana analipenda gari lake. Miezi michache baadaye tunapanda Newala kutokea upande wa Masasi, nyuma kuna simenti, nikasikia mlio kama mti umekatika na gari likainamia kulia. Tairi lilikuwa limegusa bodi. Fundi aliyekuja alikwangua ile lami kwa tindo, na chini yake akavuta kipande cha gunia la sandarusi kilicholoweshwa puti. Kilikuwa kimeziba tundu ambalo ngumi yangu iliingia. Kishikio cha springi ya nyuma kilikuwa kimeshikiliwa na gunia na dua.

Kwa hiyo jibu langu: lami mpya kwenye gari linalouzwa ni pazia. Inawezekana nyuma yake kuna chuma kizuri, lakini wewe hukioni, na muuzaji anakutoza bei ya chuma kizuri. Omba ukwangue sehemu tatu ndogo, kila moja ukubwa wa sarafu. Ubaya mwingine wa lami ni kwamba ikikauka hupasuka, maji ya chumvi yanaingia kwenye ufa, yanakaa kati ya lami na chuma, na kutu inafanya kazi yake gizani bila bughudha. Heri chasisi iliyo uchi yenye wekundu kidogo. Hiyo walau inasema kweli.

Kwa nini magari ya huku yanaoza kuliko ya Dodoma?

Kutu inahitaji vitu vitatu tu, chuma, hewa na maji. Chumvi haimo kwenye orodha hiyo, lakini ikiwepo inayafanya maji yapitishe umeme vizuri zaidi, na kutu ni kazi ya umeme mdogo mdogo unaotembea juu ya chuma. Maji ya bahari yana chumvi kama gramu 35 kwa lita. Yakikauka juu ya chasisi, maji yanaondoka, chumvi inabaki.

Halafu kuna jambo ambalo watu hawalifikirii. Chumvi hainyamazi ikikauka. Unyevu wa hewa ukipita asilimia 75 hivi, chumvi inaanza kunywa maji kutoka hewani na kulowa yenyewe. Ndiyo maana chumvi ya jikoni inagandamana kwenye kikopo. Sasa pwani ya Lindi na Mtwara unyevu unapita hapo usiku mwingi wa mwaka. Gari lako limelala, hujalitia maji, mvua hakuna, na bado chini limelowa.

Mtu wa Masasi au Nachingwea ana nafuu kwa umbali wake na bahari. Lakini gari lililopigwa chumvi Mikindani halitakasiki kwa kuhamia Masasi. Linahama na chumvi yake.

Gari limetoka Japani moja kwa moja. Huko si barabara za lami tupu?

Za lami, ndiyo, na majira ya baridi zinamwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke. Hokkaido, Akita, Niigata na upande wote ule unaotazama Bahari ya Japani ni nchi ya theluji nyingi. Na fowili ndiyo gari mtu wa theluji analolitaka! Kwa hiyo hayahaya tunayoyasaka ndiyo yaliyokunywa chumvi zaidi.

Dai karatasi ya mnada, ile ya ukaguzi gari lilipouzwa mnadani huko. Kwenye mchoro wa gari kuna herufi: S ni kutu, kutoka neno lao sabi, na C ni chuma kilicholiwa. Namba inayofuata herufi ikipanda, hali ni mbaya zaidi. Hata hivyo mchoro unaonyesha zaidi bodi ya nje, kwa hiyo soma pia maelezo yaliyoandikwa kwa mkono, mtafute anayejua Kijapani, na uombe picha za chini zilizopigwa gari likiwa limenyanyuliwa. Mji wa mnada usikudanganye. Gari la Hokkaido linaweza kuuzwa mnada wa Yokohama.

Na Land Rover za Uingereza? Nasikia alumini haishiki kutu.

Alumini haipati kutu nyekundu, hilo kweli. Lakini chasisi ya Land Rover Defender ya zamani ni chuma, fremu za milango ni chuma, na ukuta unaotenganisha injini na miguu yako ni chuma. Uingereza nao wanamwaga chumvi barabarani msimu wa baridi. Tena alumini ikigusana na chuma huku kuna maji ya chumvi katikati, alumini ndiyo inayoliwa: rangi inavimba malengelenge, ukiyapasua unakuta unga mweupe. Ukiona unga huo kwenye kingo za milango, ujue alumini inaliwa.

Gari la Uingereza lina faida moja kubwa. Kila mwaka baada ya kufikisha miaka mitatu linapita ukaguzi wa lazima uitwao MOT, na historia hiyo iko wazi kwenye tovuti ya serikali yao, bure, ukiwa na namba ya usajili ya kule. Mkaguzi akiona chasisi inaliwa anaandika. Nimeshasoma rekodi ya Defender moja iliyoandikwa kutu mwaka baada ya mwaka, pahali palepale, wakati tangazo lake lilisema "chini safi kabisa".

Ni sehemu zipi huoza kwa kila aina ya gari?

Land Cruiser za mfululizo wa 70, zikiwemo hizi tunazoziita mkonga, zina chasisi nene na zinavumilia, ila tazama juu ya ekseli ya nyuma, mfereji wa maji wa paa, na chini ya mpira wa kioo cha mbele. Kutu ya kioo ni ya kinyemela: unaona kipele kimoja kwenye rangi, ukitoa mpira unakuta nusu ya fremu imekwisha. Prado, kagua chasisi ya nyuma, kuanzia mbele ya tairi mpaka mwisho. Hilux hivyohivyo. Ndugu yao wa Marekani, Tacoma, chasisi zake zilioza kiasi kwamba mwaka 2016 Toyota ilikubali kumaliza kesi ya wamiliki kwa mpango uliokadiriwa kufikia dola bilioni 3.4, chasisi zikaguliwe na zilizooza zibadilishwe. Nalitaja hilo kwa wale wanaoniambia "Toyota haiozi".

Defender, boriti ya nyuma kwanza, kisha mikono inayotoka ubavuni mwa chasisi kushika bodi, kisha sakafu ya miguuni. Suzuki Jimny na Samurai ni magari mepesi yenye chuma chembamba, sakafu juu ya matao ya magurudumu hutoboka mapema. Nissan Patrol, chasisi ya nyuma tena. Umeshaona mtindo: nyuma, juu ya ekseli, mahali tairi linarusha uchafu na hakuna joto la injini wala oili inayovuja kupaka chuma. Injini inayovuja, nisamehe kwa kusema, ndiyo kinga ya kutu ya maskini kwa sehemu za mbele.

Kuna magari yanayoitwa fowili lakini hayana chasisi ya kujitegemea. RAV4 ni hivyo, na Pajero kuanzia toleo la 1999 chasisi imeunganishwa na bodi. Kwa hayo, chuma cha chini ya milango na sakafu ndicho mifupa. Kikioza, hakuna kingine kinachobeba.

Muuzaji anasema ni kutu ya kawaida. Niamini lini, nikatae lini?

Wekundu juu ya chuma kinene, kama ekseli, difu au bomba la moshi, ni wa kawaida. Kutu ya juu juu kwenye chasisi inayoondoka kwa brashi ya waya na kuacha chuma kigumu, pia usiikimbie, itumie kuteremsha bei. Milango na boneti vinabadilishwa. Hata sakafu inachomelewa.

Mimi nakataa kwa mambo mawili. La kwanza ni chasisi iliyotoboka karibu na kishikio cha springi, au pahali usukani na mikono ya ekseli inapofungwa. La pili ni namba ya chasisi. Kwenye Land Cruiser na Hilux imegongwa kwenye chuma chenyewe, upande wa kulia mbele, karibu na tairi. Isafishe kwa brashi laini uisome herufi kwa herufi ukilinganisha na kadi ya gari. Kutu ikiwa imekula tarakimu mbili tatu, utakaposimama mbele ya afisa kubadilisha umiliki utaanza kueleza kitu ambacho maelezo yake hayaishi. Na kama pale pamechomelewa bati, funga mkoba wako uondoke.

Kuna neno pia kwa wanaonunua baada ya malipo ya korosho. Kipindi hicho pesa iko mitaani, magari yanakuja kwa kasi na kila mtu ana haraka. Gari lililokaa sokoni tangu kiangazi litakusubiri wiki moja zaidi.

Nimelipeleka Msimbati tukatembea ufukweni. Nifanye nini?

Msimbati ni pazuri, sitakukataza. Usipite kwenye maji tu. Watu wanapenda ile picha ya gari linarusha mawimbi, na mimi nikiiona namhurumia atakayelinunua.

Ukirudi, lioshe siku hiyohiyo, si Jumamosi ijayo. Na kabla ya kuosha, onja maji. Sitanii. Visima vingi vya pwani yetu vina maji ya chumvi chumvi, mtu anamwaga ndoo ishirini chini ya gari na anakuwa hajafanya lolote isipokuwa kuongeza. Kama maji hayanyweki, tafuta ya bomba au ya mvua. Chumvi inayeyuka, haihitaji presha kubwa, inahitaji maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, mengi yanayotiririka kwa muda. Mashine ya presha ukiisogeza sana inasukuma mchanga ndani zaidi.

Jambo la maana ni ndani ya chasisi. Ile ni bomba la pembe nne lenye matundu. Maji na mchanga huingia kwa matundu ya pembeni, na yale ya chini yaliyowekwa yatoe maji yameziba. Chukua spoku ya baiskeli, ikunje ncha, uyazibue moja baada ya jingine. Kisha ingiza mpira wa maji kwenye tundu la mbele uache yatoke nyuma mpaka yawe meupe. Mara ya kwanza nilipofanya hivi kwenye gari langu ulitoka mchanga wa kujaza karai, na kaa mdogo mmoja, mkavu. Milango nayo ina matundu chini, tumia spoku ileile.

Pantoni za Msangamkuu na Kitunda, hesabu vilevile. Tairi zinakanyaga maji ya bahari wakati wa kupanda na kushuka, na breki zinarushiwa.

Oili chafu je? Fundi anasema apulizie chini yote.

Inapunguza kasi ya kutu, siwezi kukataa, nimeona pikapu za mashambani zilizoishi kwa hiyo tu. Lakini oili iliyotumika ina asidi na masizi ya injini, inavimbisha mipira na bushi, inashika mchanga, ni mbaya kwa ngozi ya anayepuliza, na inadondokea ardhini ambako kisima cha jirani kinachota. Ukitaka oili, nunua ya bei nafuu iliyo mpya, au bora zaidi nta maalum ya chasisi, au ile dawa inayotokana na mafuta ya manyoya ya kondoo. Hizo hubaki laini, hazipasuki kama lami, na zikikwaruzwa hujirudi kidogo.

Wazee wa majahazi wanazo sifa na shahamu zao za kupaka mbao tangu enzi. Kuna bwana wa Mikindani aliniuliza kama sifa, yaani mafuta ya ini la papa, inafaa kwenye chasisi. Nikamwambia ajaribu ila asije kwangu na gari hilo wakati wa chakula.

Kutu ninayo tayari. Inatibiwaje?

Kwanza msimu. Fanya mwezi wa tisa au wa kumi, kusi imepungua, mvua bado. Osha kwa maji baridi, acha gari juani siku mbili tatu mpaka hata ndani ya chasisi pakauke. Kupaka dawa juu ya chuma chenye unyevu ni kufungia mwizi ndani ya nyumba.

Bandua yote iliyolegea kwa tindo na brashi ya waya, umevaa miwani. Kinachobaki kimeshikamana vizuri, paka dawa ya asidi ya fosfori. Inageuza kutu kuwa tabaka jeusi lililotulia. Subiri ikauke kama chupa inavyosema, kisha rangi ya awali. Yenye zinki nyingi ni bora, lakini hiyo inataka chuma kitupu, haifanyi kazi juu ya kutu wala juu ya ile dawa. Redoksaidi ya dukani, ile rangi nyekundu ya awali, inatosha kwa nafasi zilizotibiwa kwa asidi, mikono miwili, halafu rangi ya juu. Redoksaidi peke yake inapitisha unyevu, na mafundi wengi huishia hapo.

Mwisho ndani ya chasisi. Mpira mwembamba wenye matundu ubavuni, kompresa, na nta. Unausukuma mpaka mwisho unauvuta taratibu huku unapulizia, mpaka nta idondoke kwenye matundu ya chini. Baada ya hapo zibua tena matundu. Rudia kila mwaka sehemu za nje, kila baada ya miaka miwili ndani.

Ndimu, siki, soda?

Kwa nati na bolti, ndiyo. Zilaze kwenye siki usiku mmoja, asubuhi zisugue, zisuuze kwa maji yenye magadi soda, zikaushe na kuzipaka oili palepale. Ndimu inafanya vivyo hivyo. Kwa chasisi nzima ni kazi ya kuchekesha.

Asidi ya betri, hapana. Nimeona inapakwa. Inang'arisha chuma kwa dakika kumi, inabaki kwenye maungio, na baada ya mwezi pale ndipo pabaya kuliko pote.

Fundi anataka kuchomelea kiraka kwenye chasisi. Nimruhusu?

Inategemea anachomelea nini juu ya nini. Kiraka kinachowekwa juu ya kutu ni sawa na kubandika plasta juu ya jipu. Kilichooza kikatwe mpaka chuma kinachong'aa kionekane. Bati la kiraka liwe na unene wa chasisi yenyewe. Nimeona watu wanachukua bati la pipa, jamani. Kingo zikatwe mshazari au kama mdomo wa samaki, zisiwe wima, maana mstari wima kwenye boriti ni mahali pa kukatikia.

Kabla hajawasha mashine: waya za betri zitolewe zote mbili, tangi la mafuta na mabomba yake yasiwe karibu, na ndani kama palipulizwa nta au oili kuwe na ndoo ya mchanga na mtu wa kuangalia moshi. Chuma chenye zinki kisugue kwanza, moshi wake unaleta homa. Akimaliza, ndani ya kiraka pulizia nta tena, kwa sababu moto umeunguza kinga yote na ule upande usiouona utaanza kuoza usiku huohuo.

Na wewe unayechungulia: stendi chini ya chasisi, usitegemee jeki. Jeki chini ya chuma kilichooza hupita.

Kuna hatari kubwa kuliko chasisi?

Paipu za breki. Ni vyuma vyembamba, kwenye magari mengi haya unene wake haufiki milimita 5, vinapita juu ya chasisi hadi ekseli ya nyuma, na kila kibano kinachozishika kinatega mchanga wa chumvi. Haipasuki ukiendesha pole pole. Inapasuka siku unayokanyaga breki kwa nguvu zote. Toa vibano, futa, tazama. Zikiwa na vipele, badilisha zote kwa mkupuo, na ukipata za mchanganyiko wa shaba na nikeli hutazifikiria tena. Mafuta ya breki yenyewe hunywa unyevu kutoka hewani, yabadilishe kila miaka miwili.

Pikapu yangu inabeba salfa ya mikorosho. Kuna shida?

Ipo. Unga wa salfa ukilowa, pole pole unageuka asidi. Kila mfuko unavuja kidogo, unga unaingia kwenye maungio ya bodi na matundu ya sakafu, halafu mvua za kwanza zinakuja. Tandika turubai, na msimu wa kupulizia ukiisha fagia kwanza ukavu, osha baadaye. Chumvi inayotoka mashamba ya chumvi ni hivyohivyo, na samaki ni wabaya kuliko wote kwa sababu barafu inayeyuka njia nzima, maji yanadondoka polepole kutoka pwani mpaka Newala. Beba kwenye matenga ya plastiki yasiyotoboka.

Nimeona kifaa kinachofungwa kwenye betri kuzuia kutu.

Meli hufungwa vipande vya zinki na vinafanya kazi, kwa sababu meli yote imezama kwenye maji yanayopitisha umeme. Gari liko hewani. Hiyo hela nunua nta.

Gari linakaa muda mrefu bila kutembea. Nilifunike?

Kivuli na hewa ni bora kuliko turubai. Turubai la plastiki linafunga unyevu na linasugua rangi kila upepo ukivuma. Banda la makuti lisilo na kuta linatosha sana. Usiegeshe juu ya nyasi, majani yananyanyua unyevu usiku kucha. Tangi la dizeli liache limejaa, ili unyevu usigeuke maji kwenye kuta zake za ndani. Na liendeshe, hata mpaka Mikindani na kurudi, mara moja kwa wiki.

Naweza kukuletea langu ulitazame?

Karibu, jioni, baada ya kazi. Ila usilioshe kabla ya kuja. Nataka nione mchanga umekaa wapi.